Visa vya Biblia na Maarifa ya Nafsi Katika Nchi ya Nassa

Kando ya Ghuba ya Speke, katika pembe ya kusini-mashariki ya ziwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza kabla halijapewa jina la malkia wa Uingereza, ipo nchi iitwayo Nassa, ambayo zamani ilikuwa utemi, kisha ikahesabiwa katika Wilaya ya Magu, na tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi. Msafiri atokaye Mwanza kwenda Musoma huipita upesi, macho yake yakiwa kwenye mashamba ya pamba au kwenye maji ya ghuba, wala hapana alama kubwa ya kumjulisha kwamba hapa ni mojawapo ya mahali pa mwanzo katika Usukuma ambapo visa vya Biblia vilisimuliwa na kusomwa mbele ya watu ambao hawakupata kuvisikia kabla ya hapo.

Nimeichagua nchi hii makusudi, kwa kuwa swali ninalotaka kulichambua ni swali kongwe la watu wa dini, nalo huonekana bayana zaidi likitazamwa mahali pamoja kuliko likizungumzwa hewani. Inakuwaje mtu asikilize kisa cha mgeni aliyekufa maelfu ya miaka iliyopita, katika nchi ambayo msikilizaji hakupata kuiona, naye ainuke akisema kwamba amekutana na Mungu, na papo hapo akiri kwamba ameijua nafsi yake kuliko alivyoijua alipoketi? Wako wanaolijibu swali hili kwa neno moja, muujiza, wakanyamaza. Na wako wanaolijibu kwa neno jingine, mazoea, wakanyamaza vilevile. Majibu yote mawili ni mafupi mno. Rai yangu ni kwamba katika visa vya Biblia kumjua Mungu na kujijua mwenyewe ni tukio moja lisilogawanyika, na ya kuwa tukio hilo humpata msikilizaji pale anapojikuta ndani ya kisa mahali asipopachagua, aghalabu mahali pa mkosaji, au mtoro, au mwenye deni, na kwa nadra sana mahali pa shujaa.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi visa hivi vilivyofika katika nchi za ziwani. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley, alipokuwa katika baraza la Kabaka Mutesa wa Buganda, alitunga muhtasari wa Biblia kwa Kiswahili akisaidiwa na Dallington Scopion Maftaa, kijana aliyesomeshwa na misheni ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa) huko Unguja, na alipoondoka akamwacha Dallington amsomee Kabaka. Miaka miwili baadaye, mwanzoni mwa 1877, wamisionari wa CMS (Church Missionary Society) walifika Kageye, upande huu wa kusini wa ziwa, wakiwa njiani kwenda Buganda. Kabla mwaka haujaisha wawili wao, Shergold Smith na O'Neill, walikuwa wameuawa Ukerewe. Alexander Mackay alifariki Usambiro mwezi Februari 1890. Nassa, iliyofunguliwa katika miaka hiyohiyo ya dhiki na makaburi, ndiyo iliyobaki mikononi mwa CMS, ikihudumiwa na Wazungu wachache pamoja na walimu wa Kiganda, hata mwaka 1909 ilipokabidhiwa kwa Africa Inland Mission, na Emil Sywulka akaja kutoka upande wa Kenya kuipokea. Kutokana na mwanzo huo likakua Kanisa la Africa Inland Tanzania (AIC), ambalo leo lina washirika wengi katika mikoa yote ya Kanda ya Ziwa.

Sehemu za kwanza za Biblia kwa Kisukuma zilichapishwa mwaka 1895, Agano Jipya likafuata mwaka 1925, na Biblia nzima haikupatikana mpaka mwaka 1960, miaka minane baada ya wasomaji wa Kiswahili kupata tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952. Maana yake ni kwamba kwa muda wa miaka 65 Mkristo wa Nassa asiyejua lugha nyingine hakuwa na Agano la Kale zima kwa lugha ya mama yake, na sehemu kubwa ya habari za wafalme na manabii aliipokea kwa kinywa cha mwalimu. Wengi hulihesabu jambo hili kuwa upungufu mtupu. Mimi sikatai kwamba ni upungufu, lakini nasema kwamba lilikuwa na faida iliyofichika, maana liliwafanya watu wa Nassa wakutane na visa hivi jinsi vilivyokutana na watu wa kwanza kabisa waliovisikia, yaani kwa sikio, katikati ya wenzao, na kwa sauti ya mtu waliyemjua.

Tena masikio yao yalikuwa yamekwisha kufunzwa. Jioni, ng'ombe wakiisha kuingia zizini, wanaume na vijana wa mji waliketi shikome, mahali pa moto mbele ya zizi, wakala chakula chao na kusikiliza wazee. Na ndani ya nyumba bibi aliwasimulia wajukuu. Msikilizaji wa Kisukuma hakuwa mtu wa kukaa kama gogo: aliitikia, aliuliza, aliimba kiitikio cha hadithi pale kilipofika, na kama msimulizi ameruka jambo alimrudisha. Hadithi iliyo mashuhuri kuliko zote ni ya Masala Kulangwa. Dubwana liitwalo Shing'weng'we liliwameza watu wote na mifugo yao, akasalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Mwanamke akazaa mtoto wa kiume, na mtoto alipokua akamuuliza mamaye watu wako wapi. Alipoambiwa, akaenda akamwua Shing'weng'we, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wazima. Kisha inakuja sehemu ambayo wasimulizi wa haraka huiacha: kisu cha Masala, katika kupasua, kilimkata sikio bikizee mmoja aliyekuwamo tumboni, naye akaghadhibika, akataka kumroga mwokozi wake, lakini Masala akatafuta dawa, akamponya.

Mapadre waliokaa Usukuma waliifahamu thamani ya hadithi hii. Padre David Clement, aliyeijenga Bujora na makumbusho yake ya Wasukuma karibu na Kisesa, alitaka Injili isikike katika ngoma na alama za wenyeji. Na Padre Donald Sybertz, pamoja na wazee wa Ndoleleji, alikusanya kwa miaka mingi methali, nyimbo na hadithi za Kisukuma, kazi iliyotumika katika kitabu alichokitoa yeye na Padre Joseph Healey mwaka 1996 juu ya theolojia ya masimulizi ya Kiafrika. Wao walimwona Masala kuwa kivuli cha Kristo mwokozi. Sina ubishi na hilo. Ila mintarafu ya swali letu, mtu anayenishughulisha zaidi katika hadithi ile ni yule bikizee, nami nitamrudia.

Sasa tuvitazame visa vya Biblia vyenyewe, jinsi vilivyoundwa. Erich Auerbach, mwanachuoni Myahudi wa Ujerumani aliyekimbilia Istanbul wakati wa utawala wa Hitler, alitoa mwaka 1946 kitabu chake *Mimesis*, na katika sura ya kwanza alilinganisha usimulizi wa Homer wa Uyunani na usimulizi wa Mwanzo 22, pale Ibrahimu anapoamriwa kumtoa Isaka. Homer, alisema, huangaza kila kitu: sura ya mtu, vazi lake, mawazo yake, asili ya kovu lililo mguuni mwake. Mwanzo 22 haisemi. Ibrahimu anaamka alfajiri, anatandika punda, anapasua kuni, anasafiri siku tatu, na katika siku hizo tatu hatuambiwi neno moja alilowaza. Isaka anauliza swali moja tu kuhusu mwana-kondoo, anajibiwa, nao wanaendelea kwenda wote wawili. Ukimya huu si ufukara wa sanaa. Ni nafasi iliyoachwa wazi, na mwenye kusikia, hasa mzazi mwenye kusikia, hawezi kuipita bila kuijaza kwa hofu yake mwenyewe. Na maadamu ameijaza kwa hofu yake, amekwisha kuingia safarini pamoja nao, akisogea kuelekea Mungu ambaye bado hajamfahamu.

Pengine hakuna mahali ambapo jambo hili ninalolisema liko dhahiri kama katika 2 Samweli 12. Mfalme Daudi amemtwaa mke wa Uria, kisha amemweka Uria mbele ya vita vikali ili afe, na miezi imepita, na mambo yametulia kama yanavyotulia maovu ya wakubwa. Nabii Nathani anakwenda kwake, naye hasemi habari za Uria wala za Bathsheba, bali anasimulia kisa cha maskini aliyekuwa na kondoo mmoja mdogo, aliyemlea pamoja na watoto wake, akila katika tonge lake na kulala kifuani pake, na tajiri mwenye makundi aliyempokonya kondoo huyo ili kumkirimu mgeni. Ghadhabu ya Daudi inawaka. Anahukumu kwamba mtu huyo astahili kufa. Wala hukumu hiyo si ya unafiki: Daudi aliyekuwa mchungaji anamjua kondoo mchanga, na insafu ya mfalme ndani yake haijafa, bali imelala. Ndipo Nathani anapomwambia, kwa maneno machache, kwamba mtu huyo ni yeye.

Angalia kazi iliyofanywa na kisa. Lau Nathani angalianza kwa shutuma, Daudi angalijitetea, maana kila mtu ana wakili ndani ya moyo wake. Lakini kisa kilimpita wakili yule bila kumwamsha, kikaifikia dhamiri ikiwa peke yake, na mfalme akatoa hukumu dhidi ya nafsi yake kabla ya kujua ni nafsi ya nani. Na neno la kwanza alilolitamka baada ya kufunuliwa halikuwa juu ya Uria, ingawa Uria ndiye aliyedhulumiwa, bali lilikuwa ikirari kwamba amemkosa Bwana. Hapa ndipo mambo mawili yanapoungana: alipojiona ndipo alipomwona aliyekuwa akimwona siku zote. Hakutangulia kuwa na elimu ya Mungu, kisha elimu ya nafsi ikafuata kama somo la pili.

Mifano ya namna hii imejaa katika Maandiko, nami nitataja michache tu bila kukawia. Yakobo, aliyepata baraka ya babaye kwa kujiita Esau, anashikwa usiku kwenye kivuko cha Yaboki na mtu asiyemjua, naye kabla ya kubarikiwa anaulizwa jina lake, swali lilelile alilolijibu kwa uongo mbele ya baba kipofu. Safari hii anasema kweli, naye anapewa jina jipya na mguu wenye kuchechemea. Hajiri, mjakazi wa Kimisri, mtoro jangwani, hana cheo wala hirizi, na malaika anamuuliza atokako na aendako. Yeye ndiye anayempa Mungu jina, kwamba ni Mungu aonaye. Nduguze Yusufu wanasimama Misri mbele ya liwali wasiyemtambua, wanazungumza kwa mkalimani, na wakidhani hasikii lugha yao wanaanza kuungama wao kwa wao dhambi ya miaka mingi, naye anageuka kando akalia. Watu wa mwambao wanakifahamu kisa hiki kwa njia yao, maana Qurani ina sura nzima ya Yusufu, na washairi wa Kiswahili wa zamani walitunga tendi za Yusufu na za Ayubu zilizosomwa barazani vizazi kwa vizazi. Tena masheikh wa tasaufi hufundisha kwamba kuijua nafsi ni mlango wa kumjua Mola. Nalitaja jambo hili kwa heshima, kwa kuwa Mkristo wa Nassa na Mwislamu wa Lamu, wajapotofautiana katika mengi, hawatofautiani katika kusadiki kwamba kisa cha nabii si kitu cha kupitisha wakati.

Lakini kisa ambacho kwa watu wa Nassa hakihitaji mfafanuzi ni kile cha Luka 5. Nenda mwaloni alfajiri, mwezi ukiwa haupo, wakati wavuvi wa dagaa wanaporudi na taa zao zimezimwa: usiku wote wamekaa juu ya maji wakiwavuta dagaa kwa mwanga, na iwapo usiku ule ulikuwa mtupu utalijua jambo hilo kabla hujauliza, kwa jinsi wanavyokunjua nyavu pasipo kusema, wakitoa majani na vijiti katika matundu, vidole vikiwa vyeupe kwa maji, na wanawake waliokuja na beseni wakirudi nazo zikiwa zimeinamishwa. Mvuvi wa namna hiyo ana deni la mafuta, ana mwenye mtumbwi anayemngoja, na ana elimu ya ziwa ambayo hakuipata kwa mtu wa nchi kavu. Hebu sasa mtu wa nchi kavu, fundi seremala, amwambie arudi kilindini mchana akashushe nyavu. Petro, mvuvi wa kisa hicho, anapoambiwa hivyo na Yesu anakubali kwa taadhima, si kwa kuamini. Nyavu zinapojaa hata kukaribia kukatika, na vyombo viwili kuanza kuzama, Petro hahesabu samaki wala hatafuti mnunuzi. Anaanguka magotini mwa Yesu, anamwomba aondoke kwake, kwa sababu yeye ni mwenye dhambi. Kwa nini aseme hivyo, ilhali hakuna aliyemtajia dhambi? Kwa sababu amekutwa katika jambo moja ambalo alikuwa na hakika nalo, yaani kazi yake, na hakika hiyo ilipoondolewa hapakubaki kitu cha kujificha nyuma yake. Mvuvi huelewa hili upesi kuliko mwanachuoni, na nimepata kusikia maelezo yake kwa watu wasiojua kusoma yaliyokuwa na uzito kuliko mahubiri mengi.

Hapa mtu mwenye akili aweza kuleta hoja nzito, nayo haifai kukwepwa. Mwaka 1841 Ludwig Feuerbach, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliandika kwamba mwanadamu anapodhani anamwabudu Mungu huwa anaiabudu hulka yake mwenyewe iliyotukuzwa na kuwekwa mbinguni. Basi msikilizaji anayejikuta katika kisa, je, hakuona kivuli chake tu na kukiita Mungu? Hoja hii ina nguvu dhidi ya namna moja ya kusoma, namna ya wale wanaotafuta katika Maandiko sifa zao na haki zao. Hao Feuerbach amewapata barabara. Lakini haimwelezi Daudi, wala Petro, wala Yakobo anayechechemea. Sanamu ambayo nafsi inajichongea huipendeza nafsi. Haiihukumu kwa kinywa chake yenyewe, haiiombi jina lake la kweli, haiifedheheshi katika ufundi wake na kisha kuipa kazi nyingine. Kinachotoka katika kisa na kumshika mtu mahali ambapo asingejipeleka mwenyewe, hicho ni vigumu kusema kimetoka kwake.

Historia ya Kanisa katika Afrika ina ushahidi maridhawa. Yapata mwaka 270 kijana wa Misri, Antonio, aliingia kanisani wakati ilipokuwa ikisomwa habari ya kijana tajiri katika Mathayo 19, akaisikia kana kwamba yeye ndiye aliyeambiwa, akatoka akauza mali yake. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 386, Augustino, mwana wa Thagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria, akiwa mwalimu mashuhuri huko Milano, alisimuliwa habari za Antonio na mgeni aitwaye Pontisiano, naye anaeleza katika *Maungamo* yake kwamba kadiri mgeni alivyosimulia ndivyo alivyohisi Mungu akimgeuza aitazame nafsi yake, ambayo alikuwa ameiweka mgongoni asiione. Kisa kilizaa kisa. Na katika ziwa letu hili, George Pilkington, mfasiri mkuu wa Biblia ya Kiganda, mwaka uleule wa 1893 ambao Agano Jipya la Kiganda lilikamilika, alijiwa na Mkristo aitwaye Musa Yakuganda, aliyemwambia waziwazi kwamba anairudia hali yake ya zamani kwa sababu dini hii haikumsaidia. Pilkington hakumkaripia. Alikwenda katika kisiwa cha Kome, akakaa na swali lile, na aliporudi akaungama mbele ya kusanyiko kwamba yeye mwenyewe alikuwa akifanya kazi pasipo nguvu ya Mungu. Mtu aweza kutafsiri kila kisa kwa lugha ya watu wengine, na bado akawa hajapatikana ndani ya kimoja.

Nimesema kwamba ni nadra sana mahali pa shujaa kuwa mahali pa kukutana na Mungu, na sina budi kueleza hatari iliyopo kwa anayejiweka hapo. Ghuba ambayo Nassa inaitazama ina jina la John Hanning Speke, Mwingereza aliyefika Mwanza mwezi Agosti 1858 na kuliona ziwa. Mtu huyo, katika kitabu cha safari zake alichokitoa mwaka 1863, alikieleza kisa cha wana wa Nuhu kana kwamba kinatoa sababu ya Mwafrika kuwa mtumwa, ati kwa laana ya Hamu. Na kwa kisa hichohicho aliwapanga watu wa nchi za ziwa katika madaraja ya asili, mpango ambao baadaye ulizaa chuki na damu huko Rwanda. Lakini yeyote afunguaye Mwanzo 9 ataona kwamba Mungu hakumlaani mtu katika sura ile; aliyelaani ni Nuhu, akilevuka kutoka katika divai yake, naye alimtaja Kanaani, hakumtaja Hamu. Speke alikisoma kisa akiwa amesimama upande wa waliobarikiwa, akitazama chini. Hakujitafuta katika mlevi wala katika mwana aliyeiona aibu ya babaye. Kwa hiyo kisa hakikumfunulia Mungu wala nafsi. Kilimpa fimbo tu.

Kwa kadiri ndogo zaidi hatari hiyo imo makanisani mwetu leo. Tumezoea kuhubiriwa kwamba sisi ni Daudi na kwamba deni, ugonjwa au jirani mwenye husuda ni Goliathi. Msikilizaji anaondoka na kimo kilekile alichokuja nacho, pengine ameongezewa takaburi kidogo, wala hapati kuambiwa kwamba Daudi huyohuyo ndiye aliyesimama mbele ya Nathani. Na watoto katika Shule ya Jumapili husimuliwa kisa nusu, kisha mwalimu anakifunga kwa funzo la sentensi moja, watii wazazi, usiseme uongo, mtoto akabaki na kanuni ambayo angaliweza kuipata pasipo Yona wala Yakobo. Kwaya zetu, nadhani, zimekitunza kisa vizuri kuliko mimbari. Kwaya za AIC, kama ile ya Makongoro na ile ya Shinyanga, zimeimba habari za Biblia kwa urefu wake, watu wakizungumza, wakikosa, wakirudi, na nyimbo hizo zimefika sokoni, kwenye mabasi na kwenye vibanda vya chai ambako hakuna afunguaye kitabu.

Nilisema nitamrudia bikizee wa Shing'weng'we. Katika nchi za Mwanza, Shinyanga na Simiyu wanawake wazee wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine bila ushahidi wowote isipokuwa kwamba macho yao ni mekundu. Na macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko la kuni, mabua na samadi, ambalo washitaki wao walilelewa kwa chakula chake. Serikali imekuwa na sheria ya uchawi tangu 1928, polisi wamekamata, viongozi wamekemea, na makanisa yamejaa. Tusijidanganye: baadhi ya walioshika panga, na wengi walionyamaza, walikuwa wamebatizwa. Walikijua kisa cha Yohana 8, pale mwanamke anapoletwa katikati, mawe yakiwa mikononi. Wataalamu wanatuambia kwamba kisa hicho hakimo katika nakala kongwe kabisa za Injili ya Yohana. Kanisa likakishika hata hivyo, nami nashukuru. Maana humo kundi zima linajiona kwa mara moja. Yesu haongezi hoja juu ya hoja; anawarudisha kwenye nafsi zao, nao wanaondoka mmoja mmoja, wakianza wazee. Ajabu ni kwamba walioondoka walijijua, lakini hawakukaa wamjue aliyewafunulia. Aliyebaki ni mwanamke, naye ndiye aliyesikia neno la kutohukumiwa, pamoja na agizo la kuacha dhambi.

Na hadithi ya wazee wa Kisukuma yasema jambo la namna moja kwa njia yake. Bikizee aliyekatwa sikio alikuwa na chuki ya kweli. Hadithi haimfanyi malaika. Lakini jeraha lake lilitokana na kisu cha shujaa, na shujaa alipojua hivyo hakumwita mchawi wala hakuwachochea watu aliowatoa tumboni wamwue. Alimtibu. Mkristo anayesikia haya hawezi kusahau sikio la mtumwa wa Kuhani Mkuu, lililokatwa na Petro kwa ajili ya kumtetea Yesu, likaguswa na Yesu likapona, usiku uleule aliokamatwa. Watetezi wa dini na wa jamii huumiza wanyonge wakidhani wanaokoa. Visa hivi viwili, kimoja cha shikome na kimoja cha Injili, humuuliza mwenye kisu kwanza.

Kwa sababu hiyo neno langu nalielekeza kwa wachungaji wa Simiyu, wakiwemo wanaofundishwa katika chuo cha theolojia cha kanisa hapohapo Nassa, kwa walimu wa Shule ya Jumapili na kwa wazee wa vijiji. Someni kisa kizima kabla ya kukihubiri. Kisimulieni kwa Kisukuma mahali ambapo Kisukuma ndicho kinachofika moyoni. Nyamazeni kidogo mkiisha kukimaliza, na waulizeni watu kila mmoja alikuwa amesimama wapi, mkianza kujijibu ninyi wenyewe. Na siku mvua itakapokosekana, au mtoto atakapokufa ghafla, na watu wakakusanyika wakimtafuta wa kumlaumu, msingoje mpaka ramli za waganga zimekwisha kupigwa. Inukeni mkisimulie kisa cha Yohana 8 tangu mwanzo hata mwisho, kabla mtu yeyote hajalitaja jina la bibi fulani.